Bi Zuwena na Ngoma Iliyogawanywa

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, tegeni masikio. Hapo zamani za kale palikuwa na mji mdogo, mdogo lakini una kelele. Huku wanasuka mikeka ya rangi, kule wanachonga milango, na katikati ya mji inalia ngoma kuu: ndi! ndi! ndi! Hakuna bibi harusi aliyetoka kwao bila ngoma ile.

Kisha mitaa miwili ikagombana. Mtaa wa Juu wakasema, "Ngoma ni yetu, mti tulikata sisi." Mtaa wa Chini wakasema, "Ni yetu, ng'ombe tulichinja sisi." Wakagombana, wakagombana, mwisho wakafanya ujinga wa kuchekesha: wakaigawa ngoma! Wa Juu wakachukua mzinga, ule mti uliotobolewa ndani, wakatia mtama. Wa Chini wakachukua ngozi, wakaikalia.

Mji ukanyamaza. Zii! Waimbaji wakasahau nyimbo. Wasukaji wakaacha rangi. Rangi za nini, na sherehe hakuna?

Katika mji huo aliishi Bi Zuwena, mwamba ngoma wa mwisho, fundi wa kuvuta ngozi juu ya mzinga. Macho yamefifia, vidole vimekakamaa. Mjukuu wake, Mwanamkuu, alikuwa ameposwa na harusi imekaribia.

"Bibi," akalia Mwanamkuu, "nitolewe kimya kimya kama mwizi?"

"Hutoki kimya, mjukuu wangu, nami ningali hai."

Akapanda Mtaa wa Juu. "Wanangu, nipeni mzinga." Nani amnyime bibi? Wakampa. Akashuka Mtaa wa Chini. "Wanangu, nipeni ngozi." Wakampa.

Akailoweka ngozi, akaketi sokoni mchana kweupe, akaitandaza juu ya mzinga. Akavuta. Akavuta tena. Wapi!

Makame wa Mtaa wa Juu akaona haya, akashika upande mmoja, akavuta kwa nguvu zake zote. Ngozi ikaenda kwake.

Khatibu wa Mtaa wa Chini akacheka. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake!" Naye akashika upande wa pili, akavuta kwa ubishi. Ngozi ikalia: krr, krr.

"Vuteni tu," akasema Bi Zuwena. "Ikichanika, Mwanamkuu atatoka na vipande."

Wakamwona Mwanamkuu amesimama pale, kajishika mdomo. Wakaona haya wote wawili. Wakaanza kutazamana mikono. Huyu akavuta kidogo, na yule kidogo. Kidogo, na kidogo. Ngozi ikanyooka. Wakaiacha juani ikauka.

Bi Zuwena akapiga.

Ndi!

Mwimbaji mmoja akakumbuka mstari. Mwingine akakumbuka unaofuata. Wasukaji wakakimbilia rangi, wachongaji wakatafuta patasi. Siku ya harusi Mwanamkuu akatoka kwao, ndi! ndi! ndi!, na bibi yake, asiyeona vizuri, akajua kwa sikio kuwa mji mzima umekuja. Akalia kwa furaha.

Bi Zuwena ametangulia mbele ya haki. Lakini mpaka leo mji ule ukiwamba ngoma, wa Juu hushika huku na wa Chini kule, na kabla ya kuvuta wote husema, "Ahsante, bibi."

Basi jueni, ngoma ya upande mmoja ni pipa la mtama. Hadithi yangu imeishia hapo, na kama imewapendeza, msinishukuru mimi. Semeni nami:

Ahsante, bibi.