Kisigino cha Mkubwa Hakishuki

Hivi nyie watoto, nani kawadanganya kwamba ukisoma unapata kazi?

Haya, sogeeni. Hapo kale, enzi wanyama wakijenga nyumba na kuazimana chumvi, alikuwepo Pimbi. Kadogo, hata kwenye foleni haonekani. Alisomea misuli miaka minne, akafuzu, kisha akarudi kulala kwa mama yake. Msomi, si ndio kawaida?

Mwaka huo jua likawaka, mito ikakauka, kikabaki kisima kimoja. Baraza likabandika tangazo: anatakiwa mlinzi wa kisima, nyumba yake itakunywa kwanza. Usaili ni kujiinua kwa vidole vya miguu mara mia, kwenye ngazi ya kisima.

Mama Pimbi midomo ilishapasuka kwa kiu. "Nenda, mwanangu."

Huko Pimbi akawakuta Nyati na Kiboko, wakubwa wa baraza, nao wameomba kazi ileile. Ndiyo, waliotangaza ndio walioomba. Mnacheka nini?

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," akajibu Nyati. "Una eksipiriensi ya miaka kumi?"

"Nimemaliza juzi, mzee."

"Kwa-kwa-kwa!" Kiboko akacheka, kitambi kikatikisika. "Basi tufundishe hilo zoezi. Hatulipi, ila utapata exposure."

Pimbi akawaeleza. "Simameni kwa vidole ukingoni mwa jiwe. Kisigino kishuke chini ya jiwe, shavu la mguu livutike, ndipo mpande. Kifundo kikikunjwa hivyo, msuli unajengeka wote."

"Kishuke?" Nyati akapuliza pua, fyuuu! "Kisigino cha mkubwa hakishuki! Hujui mila?"

Kweli, nchi ile mkubwa hata akikaa huwekewa kigoda cha visigino.

Pimbi akaifikiria midomo ya mama yake iliyopasuka. "Sorry sana, waheshimiwa. Basi wekeni gogo chini ya visigino, mdunde kidogo tu hapohapo juu. Heshima haiguswi."

"Hapo sasa!" akasema Nyati. "Kumbe una akili, ila tu huna kazi."

Mwezi mzima wakadunda, du-du-du, inchi mbili mbili. Mashavu ya miguu yakafura, wakavaa kaptula wapite nayo sokoni. Pimbi, nyuma ya mwamba wake, alishusha kisigino polepole mpaka machozi yakamtoka, akapanda. Tena. Tena.

Siku ya usaili, Kobe mwamuzi akakohoa. "Kila hesabu, kisigino kishuke chini ya ngazi. Imo kwenye tangazo, mstari wa mwisho."

"Nani kaandika upuuzi huo?" Kiboko akang'aka.

"Nyie, mzee. Muhuri wenu huu hapa."

Nyati akapanda ngazi. Kisigino kikashuka, kacha, akaanguka! "Mamaaa! Msuli!" Kiboko akafuata. Hesabu ya pili, puu! Chali.

Pimbi akapanda. Chini, juu. Chini, juu. Tisini, kisigino bado kinashuka. Tisini na tisa. Mia!

"Kazi ni yako," akasema Kobe. Mama Pimbi akakinga kata, gudu-gudu-gudu.

"Umetudanganya wewe!" Nyati akanguruma, bado kalala chini ya ngazi.

"Ukweli niliwapa kwanza, mzee. Uongo mliuchagua wenyewe."

Aonaye haya kushuka hana nguvu za kupanda.

Na nyie mnaotangaza kazi mkiwa mmeshajigawia: tokeni kwenye foleni, muwaajiri waliofaulu. Leo. Si bajeti ijayo.