Kindi na Kompaila Kuukuu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na kompyuta wakati sisi hatukuwa na hata kibiriti. Kisimani kwao maji yalivutwa na pampu, na pampu iliendeshwa na programu. Lakini programu hiyo ilijua kujaza birika kubwa tu. Wadogo hawakulifikia, na watoto wa Mama Kindi walikauka midomo kwa kiu.

"Tutaiandikia programu kiongezo cha birika dogo," akasema Kiboko, mkubwa wa kisima. "Mimi changu, Kindi chake. Atakayeweza atashika bomba. Atakayeshindwa, ahame!"

Kindi akakubali, akiwatazama wanawe. Ahamie wapi na wachanga wale?

Sasa, kuandika ni nusu ya kazi. Maandishi lazima yapikwe na kompaila, inayoyageuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila zilikuwa mbili: mpya yenye mbio, na kuukuu yenye kukohoa.

Kila asubuhi pampu iliamka, ngrrr! "Hamjambo. Nimepikwa na kompaila..."

"Nyamaza, lete maji!" Kiboko huikatiza. Kindi peke yake ndiye aliyesogeza sikio akasikia mwisho wake: kuukuu.

Akaenda kwa Kiboko, machozi tele.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Naomba ile mpya. Nihurumie, mimi mdogo."

"Marahaba. Mpya? Wewe? Thubutu! Mpya ni yangu. Chukua hilo likuukuu!"

"Jamani, unanionea!" Kindi akalia, uso kaufunika kwa mkia. Alikuwa anacheka huko.

Kiboko akapika kiongezo chake. Fyuu, tayari! Akakipachika. Ngrrr... ngr... ngk! Pampu ikazimika.

"Simwelewi huyu kiongezo," ikasema.

Akapachika tena. Ngk! "Imelogwa!" akafoka, akipiga mguu chini.

Ikaja zamu ya Kindi. Kho, kho, kho, kompaila kuukuu ikapika hadi jua la utosi. Akapachika. Ngrrr! Chwaaa! Maji yakajaa birika dogo, na watoto wakanywa hadi matumbo yakawa duara. Kindi akalia kweli safari hii, kwa furaha.

"Umefanyaje?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo.

"Pampu na kiongezo wakipikwa na kompaila moja, wanaelewana. Pampu yenyewe hukwambia kila siku ilipikwa na ipi."

"Basi... nihame?"

"Kaa, Bwana Kiboko. Ila kesho pampu ikisema, funga mdomo."

Nanyi wanangu, kabla hamjaongeza kitu kwenye kazi iliyokwisha kufanywa, ulizeni kwanza ilifanywa kwa chombo gani.