Goti Lisilojua Pa Kukomea

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ile ambayo kompyuta zilikwisha kufika mjini Same, palikuwa na mfinyanzi aitwaye Nakunda. Ajali ya lori ilimpotezea mguu mmoja, ukakatwa juu ya goti. Akaacha kufinyanga, maana yeye alifinyanga akiwa amepiga magoti, kama alivyofundishwa na mama yake.

Akaenda kwenye karakana ya viungo bandia. Hapo alikuwepo Navoneiwa, binti aliyechora viungo kwa kompyuta, na Fundi Mrutu, aliyevichonga kwa chuma.

Navoneiwa akachora paja, akachora muundi, akaviunganisha kwa pini moja. Akausukuma muundi kwa kipanya. Lo! Ukazunguka kama pangaboi, ukapenya ndani ya paja, ukatokea mbele kama mguu wa korongo. Kila kipande kilikuwa sawa, ila hakuna aliyekiambia kikome wapi. Basi akauwekea muundi mipaka: kunyooka, nyuzi sifuri; kukunjika, nyuzi tisini. Akausukuma tena. Ukakoma. Akajipigia makofi.

Fundi Mrutu akaitazama skrini, akatikisa kichwa.

"Binti, hiyo sifuri itamwangusha. Mguu ukiishia kunyooka tu, akiukanyaga unakunjika. Uache upitilize kidogo, nyuzi tatu, ndipo uzito wake mwenyewe uufunge."

"Umejuaje, fundi?"

"Nimewaokota watatu sakafuni."

Navoneiwa akabadili. Mrutu akachonga, akaweka vizuizi vya chuma pale pale kompyuta ilipokomea. Nakunda akauvaa mguu. Akasimama, hakuyumba. Akatembea. Akaketi kitini, watu wakashangilia. Kisha akajaribu kupiga magoti. Kwa! Goti likagoma katikati.

"Mwanangu," akamwambia Navoneiwa, "mmenipa mguu wa kukalia kiti. Kazi yangu mimi iko chini."

"Mama, tisini zinawatosha wengi."

"Hao wengi hawafinyangi."

Navoneiwa akaumia. Wiki tatu za kazi! Lakini Nakunda hakugomba. Akavua ule mguu, akashuka sakafuni kwa goti lake zima, akalikunja mpaka mwisho.

"Pima," akasema.

Wakapima: nyuzi mia na arobaini.

Navoneiwa akarudi kwenye kompyuta. Akaweka mia na arobaini, muundi ukaingia ndani ya paja. Akalipunguza paja kwa nyuma, pini ikakosa pa kushika. Akaihamisha pini, zile nyuzi tatu za Mrutu zikapotea. Akipata huku, anapoteza kule. Siku nane hivyo hivyo, macho mekundu. Siku ya tisa akausukuma muundi: ukanyooka, ukapitiliza nyuzi tatu, ukakoma. Ukakunjika, ukafika mia na arobaini, ukakoma, na hakuna kilichogusana na kingine. Akapiga ukelele hadi Mrutu akaangusha tupa aliyokuwa akisugulia chuma.

Goti likachongwa upya. Nakunda akalivaa, akasimama wima. Akashuka. Goti likakunjika, likakunjika, likagusa sakafu. Akavuta beseni la udongo alilokuja nalo, na kabla ya adhuhuri chungu kikasimama, kina shingo na mdomo. Vigelegele! Waliokuwa na magongo wakayagonga sakafuni. Navoneiwa alilia hadharani wala hakuona haya.

Mkuu wa karakana akainua mkono. "Goti hili tutawatengenezea wote wanaofanya kazi chini. Tutaliita kwa jina la mtu mmoja. Bamba lake la jina ni dogo, majina mawili hayaenei."

Fundi Mrutu akasema, "Bila tatu zangu angeanguka siku ya kwanza. Hayo magoti angeyapiga lini?"

Nakunda akasema, "Ningenyamaza, mngenipongeza, nami ningekwenda kukaa kitini maisha yangu yote. Mia na arobaini zimetoka kwenye goti langu."

Navoneiwa akasogea mbele. Aliwapenda wote wawili, lakini hakunyamaza. "Kila mmoja wenu alileta mpaka mmoja. Mipaka hiyo ilikataa kukaa pamoja siku nane, na mimi ndiye niliyeipatanisha."

Mkuu akawatazama mmoja mmoja, akaweka nyundo mezani. Nyundo ipo, herufi za chuma zipo, bamba li tupu. Haya, ninyi mliokaa kunisikiliza: mngegonga jina la nani?