Kijimlango cha Chini

Ndugu watatu wamesimama motoni na hawaungui. Mmoja akiondoka, nyumba nzima inalala njaa. Kitendawili hiki ni chepesi, hata mtoto wa juzi atakitegua: ni mafiga, yale mawe matatu ya kuwekea chungu. Figa moja wahenga waliliita jifya, wakasema jifya moja haliinjiki chungu. Maana yake ni kwamba kazi kubwa haibebwi na mtu mmoja, hata awe hodari kama simba. Lakini kuna jambo wahenga walituachia tulimalizie wenyewe: hata mawe yakiwa matatu, yakikaa mbalimbali, chungu kitaanguka vilevile na mtakula mchanga.

Bibi Tanuri alilijua jambo hilo akiwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Alikuwa mchomaji mkuu katika kiwanda kidogo kilichokuwa kati ya karakana ya seremala na duka la matairi, mwisho wa barabara iliyojaa vumbi la mbao. Kiwanda hicho kilifinyanga vyungu vya kuchujia maji. Udongo ulichanganywa na unga wa mbao kutoka kwa seremala, ukafinyangwa, ukakaushwa, kisha ukaingizwa tanurini. Humo unga wa mbao uliungua na kuacha vitundu vidogo kuliko tundu la sindano. Chungu kikitoka kizima, maji ya tope yaliyomiminwa ndani yake yalidondoka chini yakiwa safi kama machozi. Kikitoka na ufa, hakikuwa na faida. Kilikuwa kama mlinzi aliyelala mlangoni akikoroma.

Nyufa ndizo zilizokuwa zikikimaliza kiwanda. Katika kila vyungu kumi, vinne vilipasuka, na karibu vyote vilitoka safu za chini za tanuri. Shule zilizoagiza vyungu zilingoja hadi zikachoka. Meneja, mtu mkavu mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa ameshaanza kuzungumza habari za kulizima tanuri kabisa. Bibi Tanuri aliposikia hivyo alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe ni mgonjwa mahututi, kwa maana tanuri lile alilijua tangu tofali la kwanza.

Ndipo serikali ilipoanzisha mpango wa kuviunganisha vyuo vikuu na viwanda. Chuo kingetoa maarifa, kiwanda kingetoa mikono na tanuri, na serikali ingelipia utafiti na kuusimamia. Karatasi zilitiwa saini na pande tatu, watu wakapeana mikono, picha zikapigwa.

"Jamani, mimi nimezeeka," alisema Kasuku, mfinyanzi aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Lakini sijapata kuona ndoa ambayo mshenga ndiye anayetoa mahari!"

Chuo kilimtuma mtafiti kijana, mrefu kama mlingoti, miwani ikimteleza puani kila alipoinama. Siku ya kwanza Kasuku alimwendea huku amejishika mgongo.

"Shikamoo, Daktari. Kiuno kinaniuma."

"Marahaba... aah, hapana, mzee, shikamoo wewe!" kijana alibabaika. "Mimi si daktari wa watu. Ni wa udongo."

"Basi wagonjwa wako wale pale rafuni. Wote wamepasuka matumbo."

Watu walicheka hadi unga wa mbao ukapeperuka. Tangu siku hiyo aliitwa Daktari wa Vyungu, naye akalipokea jina bila kununa. Bibi Tanuri akampenda hapo hapo. Alisema moyoni kwamba mtu anayeweza kuchekwa anaweza pia kufundishwa.

Daktari wa Vyungu alifanya kazi kama mchwa. Alibadili udongo mara nne. Alichekecha unga wa mbao kwa chekeche jembamba zaidi. Alitia waya wa kupimia joto ndani ya tanuri, akauunganisha na kisanduku kilichochora mstari kwenye karatasi, juu kwa joto, chini kwa baridi. Bibi Tanuri naye alijaza daftari lake kwa mwandiko wa mviringo aliofundishwa shule ya msingi: saa, rangi ya moto, na hali ya mlango. Asubuhi kijana alifika, akapima, akauliza. Ikikaribia saa sita alipanda baiskeli yake kurudi chuoni kufundisha, kisha akarejea jioni.

Nyufa hazikukoma. Safu za chini ziliendelea kupasuka kana kwamba zimelogwa. Kijana akaandika katika ripoti kwamba huenda zinaelemewa na uzito wa vyungu vya juu. Vyungu vya juu vikapunguzwa. Vya chini vikapasuka tu.

Hatimaye barua ilikuja. Afisa wa Mpango angefika Ijumaa, baada ya majuma mawili, kushuhudia tanuri likifunguliwa. Kama nyufa zingekuwa zile zile, serikali ingeondoa mkono wake, na Meneja aliweka wazi kwamba siku hiyo hiyo moto ungezimwa moja kwa moja. Ilibaki michomo miwili tu.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo daftari la Bibi Tanuri halikulisema. Ukutani palibandikwa sheria ya Meneja: MARUFUKU KUFUNGUA TANURI KABLA HALIJAPOA. ATAKAYEFUNGUA HANA KAZI. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuwasha jiko humo ndani, kwa kuwa unga wa mbao hushika moto upesi kuliko umbea. Basi wafanyakazi walikula chakula cha mchana kikiwa baridi. Wengine walivumilia, lakini Kasuku alikuwa na vidonda vya tumbo, na chakula baridi kilimkunja kama mkeka. Miaka mingi kabla ya hapo, Bibi Tanuri alipomwona mwenzake akila huku machozi yakimtoka, alikwenda nyuma ya tanuri lililozimwa asubuhi, akafungua kijimlango cha chini cha kutolea majivu, akaingiza bakuli. Joto lilikuwa jingi, limejikalia bure tu. Bakuli la Kasuku likafuatwa na bakuli la mwingine, kisha la mwingine. Ikawa desturi. Kila tanuri lilipokuwa likipoa, ikifika saa sita kijimlango kiliachwa wazi nusu saa, kisha kikafungwa. Na katika daftari, kwenye safu ya mlango, Bibi aliandika: umefungwa. Wala hakuona kwamba amedanganya, kwa sababu alipokuwa akiandika mlango ulikuwa umefungwa kweli.

Juma lile la mchomo wa kwanza, chuo kilikuwa likizo. Saa sita ilifika, Daktari wa Vyungu hakupanda baiskeli. Aliketi juu ya gunia la udongo, ameshika tama, akiwa mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Bibi Tanuri alimtazama, akasahau sheria, akasahau hofu, akakumbuka tu kwamba kijana hajala.

"Mwanangu, njoo ule. Huwezi kupigana na mawazo kwa tumbo tupu."

"Sina njaa, Bibi."

"Sikukuuliza. Nimekuita."

Alisogea. Bibi alimgawia maharage na viazi kutoka bakuli lake. Kijana aliweka kijiko mdomoni, akakitoa haraka.

"Yanaunguza!"

"Chakula cha moto ndicho chakula," alisema Kasuku. "Kwani chuoni mnakula barafu?"

Kijana alicheka, akapuliza, akala. Alipofika kijiko cha tatu, mkono wake ukasimama hewani. Aliutazama mvuke uliokuwa ukipanda kutoka bakuli. Alitazama huku na huku ndani ya karakana isiyokuwa na jiko. Akatazama saa.

"Bibi," aliuliza polepole, "chakula hiki kimepashwa wapi?"

Kasuku alilificha bakuli lake nyuma ya mgongo. Bibi Tanuri aliweka kijiko chini. Uongo haukumjia, basi akainuka, akamwongoza nyuma ya tanuri, akamwonyesha kijimlango.

Kijana alichuchumaa mbele ya kijimlango hicho. Kisha alitoa mkobani karatasi zilizokunjwa, akazitandaza chini. Kwenye kila karatasi mstari wa joto ulishuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi, na kila ilipofika saa sita ulianguka ghafla kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

"Chungu cha moto kikipigwa na hewa baridi hupasuka, Bibi. Vya chini ndivyo vinavyopigwa, maana viko jirani na mlango."

"Ina maana ni mimi," Bibi alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Miezi yote hii unabadili udongo, kumbe mkono unaopasua ni huu."

"Na mimi pia," alijibu kijana, akivua miwani. "Waya ulikuwa unaniambia. Nilidhani umeharibika, nikanunua mwingine. Nao ukasema vilevile. Kwa hiyo nilipoandika ripoti, nilichukua rula nikaunyoosha mstari."

Walitazamana, mzee na kijana, kila mmoja na aibu yake mkononi.

Katika mchomo wa pili kijimlango hakikuguswa. Kasuku alikula chakula baridi, akajikunja kando ya ukuta, na hakulalamika hata neno moja. Bibi alipomtazama alisema tu, "Angalia tanuri lako, dada. Mimi ni mzima."

Ijumaa ikafika. Afisa wa Mpango alikuwa mama mnene mwenye kicheko, mkoba wa mafaili kwapani, viatu vimeshakuwa vyeupe kwa vumbi la mbao. Mlango mkubwa ulifunguliwa. Safu ya juu ilitoka nzima. Ya kati ikatoka nzima. Ya chini, Bibi Tanuri alipokea chungu kimoja kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, na kila kimoja kikalia kama kengele. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Watu walishangilia, na Meneja, ambaye meno yake yalikuwa hayajaonekana tangu mwaka juzi, alicheka waziwazi.

"Udongo mpya wa Daktari umeshinda!" alitangaza.

"Hongereni sana," alisema Afisa. "Nitapeleka maelezo haya kwa viwanda vingine vyote vilivyo katika mpango. Jumatatu waanze kubadili udongo wao."

Daktari wa Vyungu alifungua mdomo, akamtazama Bibi, akaufunga. Alikuwa amemwahidi kwamba hatamtaja. Bibi Tanuri alikiona kinywa kile kilichofungwa kwa ajili yake. Alifikiria mwaka wake mmoja uliobaki. Kisha alifikiria wachomaji wengine asiowajua, wakimwaga udongo mzuri na kutafuta mwingine, huku nyuma ya matanuri yao labda kuna bakuli linapashwa.

"Udongo haukuwa na kosa," alisema.

Bibi akaeleza yote, tangu bakuli la kwanza.

Uso wa Meneja ulikunjamana. "Sheria unaijua?"

"Naijua, baba. Iko ukutani. Mimi ndiye ninayeipangusa vumbi."

"Na daftari? Mbona limeandikwa 'umefungwa' siku zote?"

"Daftari lina safu ya saa, safu ya moto na safu ya mlango. Halina safu ya njaa."

"Mimi niliunyoosha mstari," kijana alidakia, akasogea na kusimama bega kwa bega na Bibi. "Kama ni kufukuzwa, tuanze na mimi."

Afisa alishusha pumzi, akaketi juu ya gunia bila kujali sketi yake.

"Ripoti zako nilizipenda, mwanangu, kwa sababu mistari ilikuwa imenyooka," alisema. "Mkataba unataka tukutane hapa, sisi watatu, kila mwezi. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona tanuri lenyewe. Nilitosheka na karatasi. Ningekuja siku moja tu saa sita, ningekaribishwa maharage."

"Na viazi," alisema Kasuku kwa sauti dhaifu.

Meneja aligeuka akamtazama. Kasuku bado alikuwa amejishika tumbo.

"Una vidonda tangu lini wewe?"

"Tangu ulipokuwa karani, mzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Meneja alichezea funguo zake. Alikwenda ukutani, akasimama mbele ya sheria yake kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Hakuibandua, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Alitoa kalamu, akaongeza chini yake: MWENYE SHIDA ASEME. Akamgeukia Bibi Tanuri. "Rudi kazini, mama. Nani mwingine atalilinda tanuri hili?"

Palepale likazaliwa wazo la kabati la kupashia chakula. Daktari wa Vyungu alichora bomba la kuchukua joto la moshi lililokuwa likipotelea angani, lipite nje ya tanuri. Mafundi wa kiwanda wakajenga kabati la matofali pembeni mwa bomba, la kupashia mabakuli arobaini. Afisa alikuna kichwa, kwa kuwa fungu la utafiti lilikuwa la vifaa vya utafiti tu. Mwishowe aliliandika kabati lile hivi: "kifaa cha kulinda joto la tanuri." Wala hakuongopa hata chembe, kwa maana hakuna tena aliyekigusa kijimlango.

Vyungu vikaanza kwenda shuleni kwa malori. Daftari likaongezewa safu mpya iitwayo "Mengineyo", na Bibi Tanuri akaijaza kuliko zote. Kila mwezi, saa sita, Afisa, Daktari na Meneja waliketi juu ya magunia pamoja na wafinyanzi, mabakuli yakifuka mvuke.

"Bibi, tutegee kitendawili," kijana alisema siku moja, mdomo umejaa.

"Ndugu watatu wamesimama motoni na hawaungui."

"Mafiga!" alijibu Kasuku kabla mtu hajameza. "Hicho cha watoto."

"Cha watoto, ndiyo," alisema Bibi Tanuri, akiwatazama wale watatu waliobanana kwenye magunia, mabega yakigusana. "Lakini wakubwa ndio wanaokisahau."

Akamwongezea Afisa viazi. Ama kweli, jifya moja haliinjiki chungu.