Kitu Kinachogonga Kifuani mwa Paa

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa kaeni, wadogo sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa hawajui kilichomo ndani ya miili yao. Walijua njaa, walijua usingizi, basi. Miongoni mwao aliishi Pimbi, mnyama mdogo wa mawemawe, mwenye maswali mengi kuliko manyoya. Akila, huuliza chakula kinakwenda wapi. Akikimbia, huuliza mbona anahema. Wenzake wakamchoka.

Siku moja mvua ikanyesha, mto ukafurika. Paa, rafiki yake Pimbi, akateleza ukingoni. Chubwi! Maji yakamchukua, yakambwaga mchangani huko chini. Wanyama wakamkuta amelala, macho kafumba, mwili baridi. Kobe akamwita, akamtikisa mguu. Kimya. Akasema amekufa. Mama Paa akaketi chini akalia.

Fisi naye akafika, udenda unamtoka. Akasema desturi ya nchi inajulikana: aliye hai ni wa mamaye, aliyekufa ni wa Fisi. Hakuna aliyebisha, maana ndivyo ilivyokuwa.

Lakini Pimbi alikuwa anajiuliza: aliyekufa amepungukiwa na nini? Miguu ipo, pembe zipo, masikio yapo. Kilichotoka ni kipi, na kilikuwa kinakaa wapi? Akainama. Akaweka sikio tumboni: kimya. Akapanda nalo taratibu mpaka kifuani, upande wa kushoto.

Du... du. Du... du.

"Kuna kitu humu kinagonga," akasema.

"Ni njaa yangu hiyo," Fisi akajibu. "Ondoka."

Pimbi hakuondoka. Akasogeza shavu puani mwa Paa, akahisi pumzi nyembamba kama uzi. Akaomba wamsaidie kumlaza ubavu. Kobe akasukuma, Mama Paa akasukuma. Maji yakamtoka mdomoni, bwaa! Paa akakohoa, akavuta hewa. Kifua kikapanda, kikashuka. Pimbi akasikiliza tena. Sasa kile kitu kilikwenda mbio, du-du, du-du, du-du, kikisukuma damu, na joto likarudi masikioni, likashuka hata kwatoni. Wakakiita moyo.

Mama Paa akamlamba mwanawe uso mzima. Wengine wakajishika vifua, kila mmoja akiutafuta wake. Fisi alibaki pembeni. Kisha akamjia Pimbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi ninao?"

Pimbi aliogopa. Lakini hamu ya kujua ikaushinda woga. Akaingia katikati ya miguu ya Fisi, chini ya meno yale, akasikiliza.

"Unao," akasema. "Unagonga kama wa Paa."

Fisi akageuka, akaenda zake na njaa yake.

Basi wenzangu, funzo ni hili: asiyeujua mwili huweza kumzika aliye hai. Uliza, sikiliza, ndipo uamue.

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo langu limekauka, nipeni maji.