Tunampitia Wapi?

Marafiki, ketini vizuri. Karani wetu yuko hapa mbele na karatasi yake ya matangazo, na nimemwomba anisubiri kidogo. Mimi nawajua. Matangazo yakianza tu, huyu anatafuta mwavuli, yule anamvalisha mtoto sweta, na wale wa benchi la nyuma, sitawataja, wanaulizana habari za mahindi. Leo nimewawahi kabla hamjaanza kuinuka.

Alikuwepo karani mmoja. Si huyu wetu, msimtazame. Karani wa mfano wangu alikuwa akihudumia makanisa saba ya dhehebu letu la Marafiki yaliyotawanyika vilimani, na kazi yake ilikuwa kukusanya habari. Nani amepata mtoto, nani amefiwa, kanisa gani linaezeka paa, akina mama wa wapi wanataka watu wa kujitolea kumpalilia mjane shamba. Alizipanga habari zote kwenye ukurasa mmoja, akatoa nakala saba, zikasomwa Jumapili. Alikuwa mwanamke makini, hajawahi kukosea tarehe. Daftari lake lilikuwa na safu mbili alizozipiga kwa rula: kushoto anayehitaji, kulia aliyejitolea.

Siku moja akapigiwa simu na binti mmoja anayefanya kazi Mombasa.

"Karani, baba yangu haoni," binti akasema. "Anajifanya anaona, lakini haoni. Juzi jirani amemkuta akimimina chai nje ya kikombe."

"Pole sana, dada. Mimi nilidhani ni uzee tu unamsumbua."

"Si uzee. Muuguzi alimwangalia akaniambia ni mtoto wa jicho, na lile la kushoto halina mwaka mwingine wa kungoja. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni Jumatano ya mwisho wa mwezi. Wanakuja mara moja kwa mwaka, siku moja basi. Nimeomba ruhusa kazini nimenyimwa. Nitafutie mtu mmoja tu wa kumpeleka na kukaa naye."

"Nitatangaza," akasema karani.

"Ila usimtaje jina. Baba akisikia anaombewa msaada kanisani, hatoki nyumbani tena. Ukipata mtu, nipigie, nami nitamwambia baba polepole."

Karani akaona ni jambo la heshima, nalo ni jambo la heshima kweli. Kwenye daftari lake, safu ya kushoto, akaandika jina la mzee. Kwenye ukurasa wa matangazo akaandika hivi: "Rafiki mmoja mzee anahitaji mtu wa kujitolea kumsindikiza kwa madaktari wa macho, Jumatano ya mwisho wa mwezi, kutwa nzima. Mwenye nafasi amwone karani wa kanisa lake."

Sasa, mzee mwenyewe alikaa dakika kumi kutoka kwa huyo karani. Njia ya kwenda kanisa lolote kati ya yale saba ilipita langoni kwake. Kila asubuhi mzee alikuwa hapo kwenye kigoda chake, uso umeelekea barabarani, akiwatambua watu kwa miguu yao.

"Karani huyo," alisema akisikia viatu vyake. "Leo unapeleka nini?"

"Matangazo, mzee. Mambo ya watu wa kujitolea."

"Na wanajitolea?"

"Tunaomba Mungu, mzee."

"Haya, pita salama."

Naye akapita. Wiki tatu nzima alipita, kwenda na kurudi, ukurasa uko mkobani.

Mtaniuliza, mbona asimpeleke yeye mwenyewe? Swali zuri. Hata yeye alijiuliza, mara moja, akiwa anaosha vyombo. Lakini Jumatano ile palikuwa na kikao cha kamati ya huduma, na karani wa kamati ni yeye. Ajenda ya kwanza ilikuwa namna ya kuongeza idadi ya watu wa kujitolea. Asingeweza kukosa kikao cha maana hivyo. Tena akajiambia kwamba kazi ya karani ni kuandika, na kazi ya kuitika ni ya Marafiki.

Haya, tangazo likasomwa. Desturi yetu mnaijua. Uhitaji ukitajwa, tunanyamaza. Hatunyamazi bure, tunampa Mungu nafasi ya kumsukuma mtu. Aliyesukumwa husimama. Asiposimama yeyote, karani huandika kwamba Marafiki wamelipokea tangazo, tukaendelea na wimbo.

Kanisa la kwanza likanyamaza. Karani wa pale akaleta jibu: "Marafiki wamelipokea." Kanisa la pili: "Marafiki wamelipokea kwa uzito." La tatu: "Wamelipokea kwa upendo mwingi." La nne waliongeza kuwa walikaa kimya dakika tano nzima na kwamba Roho alikuwa mahali pale. Sibishi. La tano na la sita wakaandika kama la kwanza. Karani akaliweka tangazo pia kwenye lile kundi letu la simu, na kabla hajaweka simu mezani ikaanza kulia. Akashtuka kwa furaha. Kufungua, ni ile picha ya mikono miwili ya kuomba. Akaihesabu, ikafika arobaini na miwili. Na mmoja alikuwa ameandika, "Amina, tuko pamoja."

Mlikuwa pamoja wapi? Makanisa sita yamenyamaza, na ndani ya kimya kile watu walikuwa wakisema mengi moyoni. Huyu alisema, mzee huyo lazima ni wa lile kanisa la ng'ambo. Yule alisema, hana jina, basi simjui, na kama simjui, wapo wanaomjua. Mwingine alisema, kama jambo lingekuwa zito kweli wangemtaja. Na je, yupo hata mmoja aliyemfuata karani wake nje akamwuliza, "Huyo mzee ni nani?" Hakuna. Binti alikataza jina lisisomwe mimbarini. Hakumkataza mtu kuuliza.

Likabaki kanisa la saba, kanisa la karani mwenyewe. Alilipanga la mwisho kwa adabu, wasije wengine wakasema anawapendelea watu wake. Ilikuwa Jumapili, zimebaki siku tatu. Safu ya kulia ilikuwa nyeupe. Karani hakuwa amelala vizuri juma lile, nami nasema hivyo kwa kumtetea, maana moyo alikuwa nao. Akasimama, akasoma tangazo lote. Kisha akakaa, na kanisa likanyamaza.

Mzee alikuwemo. Alikaa benchi la pili karibu na dirisha, kama siku zote, koti lake limefungwa mpaka kifungo cha juu. Karani hakuthubutu kumtazama.

Ndipo mtu akasimama. Benchi lilikwaruza sakafu, na karani akashusha pumzi kwa shukrani. Alipoinua macho akaona ni mzee.

"Rafiki karani," mzee akasema, ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. "Nimesubiri vijana wasimame, nikaona wana shughuli. Basi niandike mimi. Nitamsindikiza huyo mzee."

Mama aliyekaa karibu naye akamvuta koti. "Keti, mzee. Wewe mwenyewe huoni vizuri."

"Niache, mama. Mimi haya ya macho yangu ni ukungu wa uzee tu. Nilikuwa bawabu wa hospitali ile miaka ishirini na mbili, kila mlango naujua hata nikifumba macho. Kusoma makaratasi siwezi, lakini nitakaa naye kwenye foleni, nimshike mkono. Mtu asiyeona akiachwa peke yake mahali pa watu wengi, anaogopa sana. Nyinyi hamjui. Mimi najua."

Akaketi.

Karani alikuwa na kalamu mkononi. Makanisa saba, mtu mmoja amejitolea, na jina lake lilikuwa tayari kwenye mstari uleule, upande wa kushoto. Akaliandika upande wa kulia. Machozi yakamdondokea daftarini, wino wa mistari yake mizuri ya rula ukachuja, naye akafunga daftari haraka kabla ya wimbo.

Ibada ilipokwisha akamtafuta naibu wake nyuma ya kanisa. "Jumatano sitakuwepo kikaoni."

"Hutakuwepo? Na ajenda ya kwanza ni watu wa kujitolea!"

"Ndiyo maana," akasema karani.

Jumanne akampigia binti Mombasa, akamweleza yaliyotokea. Binti akaanza kulia. Alipopata sauti akasema, "Mwambie wewe. Mimi siwezi kumwambia hilo kwenye simu."

Jumatano asubuhi karani akafika langoni na pikipiki ya boda. Mzee alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, koti, kofia na kifurushi cha viazi vitamu vilivyochemshwa.

"Hivi ni vya mgonjwa wetu," akasema. "Foleni ya pale inaweza kukufikisha jioni, na wengi huja bila kula."

Karani alikuja akikusudia kumwambia palepale, badala yake akamwambia dereva asogeze pikipiki. Wakampandisha mzee katikati, nyuma ya dereva, na karani akakaa nyuma yake akimshika asianguke. Pikipiki ikaondoka. Wakavuka daraja, wakapita shule, wakapita kanisa la tatu, lile la upendo mwingi. Hapo mzee akageuza shingo.

"Karani."

"Naam, mzee."

"Huyo mwenzetu tunampitia wapi? Naona tumejaa hapa. Tukimfikia, mimi nitashuka nitembee, yeye apande. Njia naijua."

"Tumeshampitia, mzee."

"Tumempitia lini? Sijasikia pikipiki ikisimama."

"Ilisimama langoni kwako."

Wakapanda mlima. Wakapita kanisa la nne, wakapita na la tano, na karani alihisi mgongo wa mzee ukipanda na kushuka mbele yake. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Ni binti yangu?" mzee akauliza mwishowe.

"Ni yeye. Alikupenda, mzee, akakulindia heshima."

"Na tangazo lilisomwa makanisa yote saba?"

"Yote saba."

"Na wewe ulikuwa unapita pale kwangu kila asubuhi, nalo liko mkobani."

"Nilikuwa napita, mzee. Nisamehe."

Mzee akakishika vizuri kile kifurushi. "Basi viazi ni vyangu," akasema. "Tutakula wote."

Daktari alimwona jioni. Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji, na kitambaa kilipoondolewa kesho yake mzee aliona mlango aliokuwa akiulinda, akalalamika kwamba wameupaka rangi mbaya. La kushoto daktari alikuwa ameliangalia kwa muda mrefu jioni ile, kisha akamgeukia karani.

"Hili limechelewa. Mwaka jana mzee huyu alikuwa wapi?"

Karani akasema kweli. "Alikuwa langoni kwake."

Huo ndio mfano wangu, Marafiki, nami sitawapeleka mbali. Sisi tunajua kumpita mtu, na tunajua kumpitia. Maneno hayo yanakaribiana mno, yametenganishwa na herufi moja tu, lakini kwa yule anayengoja langoni ni mambo mawili mbalimbali. Jamani, sisi tumempita mtu kwa adabu. Tumempita kwa maombi, kwa kimya kitakatifu, kwa mikono arobaini na miwili ndani ya simu. Na tukaandika kwamba tumelipokea tangazo. Tulilipokea, tukampita mwenye tangazo.

Kimya chetu nakipenda, nimelelewa ndani yake tangu utotoni. Lakini Mungu akitumia kimya kile kukusukuma, na wewe ukashika benchi kwa nguvu usisimame, hicho si kimya cha ibada tena. Ni kujificha. Aliyesimama katika makanisa saba alikuwa kipofu, maana yeye peke yake alijua kuachwa kunauma namna gani. Je, tungoje mpaka yatupate ndipo tujue?

Mzee wangu wa mfano hana jina, kwa sababu nimemtunga. Nimewasimulia habari zake muda wote huu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuniuliza anaitwa nani. Sawa, huyo nawasamehe. Lakini karani wetu ameshika karatasi hapa, na waliomo sikuwatunga mimi. Juzi nimewatembelea wote, nikawaomba ruhusa niwataje, na wakakubali.

Wa kwanza ni Mama Dorika Vihenda, nyumba ya tatu ukishapita kinu cha kusaga. Amevunjika mguu, na mtungi wake ulikuwa mkavu nilipofika. Anahitaji mtu wa kumchotea maji kesho asubuhi.

Sasa tutanyamaza, kama desturi yetu. Nami sitaketi mpaka nijue. Nani anampitia?