Sebule ya Zambarau

Haki ya Mungu, nikidanganya ulimi ukatike! Wakwe walikuwa wanakuja kesho yake kukagua nyumba kabla ya kunipa binti yao, na Madamu Sikitu, mpambaji wa nyumba, alidai ng'ombe mzima kwa ushauri tu.

"Basi dada, karibu chai," nikamwambia. "Chausiku ameshanipambia."

Kusikia jina la hasimu wake, akaingia mbio. "Ukuta zambarau? Kochi limeziba dirisha! Hapa kwa mganga?"

"Una wivu, dada."

"Wivu? Shika brashi nikuonyeshe! Paka krimu! Kochi pale! Zulia hapa!"

Nikapaka, yeye akifoka, mpaka jua likaogopa kuzama.

Wakwe walipofika, mke nikapewa mlangoni.

Chausiku hajawahi kukanyaga kwangu. Ile zambarau niliipaka mwenyewe. Ila msimwambie mtu, maana Jumapili namwita huyo Chausiku aje aone chumba alichokiharibu Madamu Sikitu.